Mayai ya Linah

Chemutai alifungua lango la kwao na begi begani na maneno yakiwa tayari mdomoni, maana alikuwa ameyapanga tangu Naivasha: Baba, sisi watoto wako tumekaa, tumezungumza, tumeamua. Hakuyasema. Kabla hajafika katikati ya ua alisimama ghafla kama mtu aliyekanyaga nyoka. Jikoni kulikuwa kunatoka harufu ya mayai ya mama yake.

Si harufu ya mayai tu. Yai ni yai, na hakuna mwenye akili timamu anayeshtuka kwa sababu mtu amekaanga yai. Haya yalikuwa yale yenyewe: mboga ya managu, majani ya mnavu, vitunguu vya majani, karoti, na ule utando wa maziwa ulioachwa ushike rangi kidogo pembeni mwa kikaango. Hakuna nyumba nyingine pale Molo iliyokuwa na harufu hiyo. Mayai hayo yalikuwa ya Linah Chepchirchir, mama yake, na Linah alikuwa amelala chini ya udongo pale kwenye misipresi, rangi ya msalaba wake haijaanza kupauka.

"Baba!" Chemutai aliita.

Ng'ombe aliinua kichwa, akamtazama, akarudi kwenye nyasi zake. Saa hizo mzee alikuwa ameenda barabarani kungoja gari la maziwa, hilo Chemutai alilijua. Basi nani alikuwa jikoni?

Jikoni hakukuwa na mtu. Moto ulikuwa umefunikwa majivu, kikaango kimeoshwa kikaangikwa, na mezani kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani. Alifunua. Mvuke ukampiga usoni. Yalikuwa yamekatwa pembe tatu, manjano yakionyesha kijani ndani, ukingo wa kahawia mwembamba. Alichukua kipande kwa vidole.

Yalikuwa yenyewe. Alitafuna huku machozi yakimtoka, akachukua kipande cha pili, na cha tatu, na alipokuja kushtuka, sahani ilikuwa tupu.

Sasa ni lazima ujue mambo ya nyumba hii, la sivyo utamwona Chemutai mwehu. Baba yake, mzee Elphas Kibii, alikuwa mwanamume wa kizamani. Kwa kadiri watoto wake walivyojua, hajawahi kuvuka kizingiti cha jikoni tangu aoe. Jikoni ni kwa wanawake, ndivyo alivyolelewa, na mama yake mzazi, ambaye enzi za uhai wake nyumba yake ilitazamana na yao, alihakikisha ndivyo inavyokaa. Mzee akiwa sebuleni na kiu, aliitisha maji, na mtungi uko nyuma ya kiti chake. Kwa hiyo Linah alipofariki, swali la kwanza la watoto baada ya kufuta machozi lilikuwa: huyu atakula nini?

Kiplimo, kaka yake Chemutai mwenye duka la vifaa vya ujenzi Nakuru, alikuwa akimuuliza kwa simu kila mara.

"Baba, unakula?"

"Nakula."

"Nani anakupikia?"

Hapo simu ilikuwa inanyamaza. Mzee hakujibu hata siku moja. Watoto walikisikia kile kimya wakakiita njaa. Ndipo Kiplimo akakata shauri: Jumamosi angekuja na pikapu amchukue baba akaishi naye Nakuru, ng'ombe wapewe baba mdogo, nyumba ifungwe. Mzee alipoambiwa, alisema maneno machache tu. "Mimi siendi popote. Mama yenu yuko hapa." Kiplimo akasema hiyo ni huzuni inayoongea. Chemutai, ambaye ni msimamizi katika shamba la maua huko Naivasha, akaomba ruhusa aje Ijumaa, siku moja kabla, amfungie baba yake nguo na kumlainisha roho.

Na sasa amesimama jikoni, tumbo limejaa mayai ya marehemu.

Macho yake yakaangukia msumari nyuma ya mlango. Leso ya mama yake ilikuwa inaning'inia pale, ile ya zambarau aliyokuwa akijifunga kiunoni akiwa jikoni. Aliigusa. Ilikuwa na unyevu. Ilikuwa na tone la yai, bichi, halijakauka.

Hapo hofu ikamtoka na hasira ikaingia. Mizimu haijifungi leso. Hii ilikuwa kazi ya mwanamke mwenye damu na nyama, mwanamke aliyejifunga leso ya mama yake na kupika katika kikaango cha mama yake, na udongo wa kaburi bado haujakaa vizuri. Ndiyo maana mzee alikuwa ananyamaza kwenye simu! Si njaa. Ni aibu!

Nani? Chemutai hakuhitaji kufikiri sana. Linah hakuwahi kumfunza mtu kupika mayai yale. Wanawake wa kanisani walimsihi, akacheka, akasema hiyo ni siri ya nyumba yake. Hata Chemutai, binti yake wa kuzaa, alifukuzwa jikoni kila siku yalipokuwa yanapikwa. Nenda ukachote maji. Nenda ukaangalie ndama. Mlango unafungwa, na ukifunguliwa mama anatoka na sahani mkononi. Mtu pekee aliyekuwa akiingia na kutoka nyumba ile wakati Linah anaugua alikuwa Wachuka, jirani mjane wa upande wa pili wa ua, mama yake Thuo. Alimwogesha Linah, alimgeuza kitandani. Yawezekana Linah alimnong'onezea siri yake akiwa hoi. Na yule akaichukua siri, akachukua na leso, na sasa anachukua mume!

Hasira hasara, wahenga walisema, lakini Chemutai hakuwa na nafasi ya wahenga. Alipita kwenye upenyo wa ua mbio, begi bado liko begani.

Wachuka alikuwa ameketi juu ya debe anachagua viazi vya mbegu.

"Chemutai! Umekuja! Karibu mwanangu, wacha niweke chai."

"Mama Thuo, leo sitaki chai. Nataka uniambie ukweli. Umeanza lini kupika jikoni kwa mama yangu?"

Kiazi kilimponyoka Wachuka kikabingirika mpaka miguuni mwa Chemutai.

"Jikoni gani?"

"Usinifanye mtoto. Nimekula hayo mayai. Nimeona leso ya mama iko na yai. Mama hata hajamaliza mwaka na wewe uko huko unapikia baba yangu!"

Wachuka alisimama polepole, mkono kifuani, na Chemutai akaona uso wa yule mama umekuwa wa kijivu.

"Ngai! Kwa hivyo hata wewe umeyanusa?"

"Kunusa nini?"

"Hayo mayai! Ya marehemu! Mwanangu, mimi nayanusa kila siku tangu tumzike. Nilidhani ni akili yangu inaniruka. Nikaambia pasta akuje aombee hiyo boma, akaniambia nianze mimi kufunga na kuomba. Nimefunga mpaka nguo zimenilegea. Na harufu bado inakuja!"

"Kwani si wewe unapika?"

"Mimi?" Sasa Wachuka naye alipandwa. "Mimi niliomba mama yako anionyeshe hiyo kitu mpaka nikachoka. Hata Thuo akioa, nilibeba trei ya mayai mpaka kwenu, nikamwambia Mama Chemutai, leo pika nikiona. Alifanya nini? Alichukua trei, akaingia, akanifungia mlango kwa uso. Nikakaa hapo nje kama mgeni. Baba yako mwenyewe hakuwako, nadhani alikuwa kwa ng'ombe. Nikaletewa mayai yakiwa tayari. Alikuwa rafiki yangu, nilimwosha mimi mwenyewe na hii mikono akiwa mgonjwa, na hakuniambia. Halafu wewe unakuja hapa kuniambia nimeiba bwana ya mtu!"

Alikaa tena kwenye debe akaanza kulia, na kulia kwake hakukuwa kwa kuigiza. Chemutai alihisi uso unamwaka. Alitamani ardhi ipasuke. Mwanamke huyu ndiye aliyemshika mkono kaburini, na sasa yeye Chemutai amemwita mwizi kwenye ua wake mwenyewe.

"Mama Thuo, nisamehe. Nisamehe, tafadhali. Sijui nimeingiwa na nini."

Wachuka alikuwa amekaza macho juu ya ua, kidole kimenyooka.

"Unaona?" alinong'ona. "Unaona huo moshi?"

Bomba la jikoni kwao lilikuwa limeanza kutoa moshi upya. Upepo wa Molo, ule wa baridi usiokuwa na adabu, ukauleta moja kwa moja: vitunguu vya majani vikikutana na mafuta ya moto.

"Ashindwe kwa jina la Yesu," akasema Wachuka. Na alipoona Chemutai anaelekea kule, akamshika nguo. "Usiende! Ngoja pasta!"

Chemutai alienda. Alijiambia kwamba kitu kibaya unachokijua ni afadhali kuliko usichokijua. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kulikuwa na ufa kwenye ubao karibu na bawaba, na Chemutai akakumbuka kwamba utotoni ufa huo ulikuwa umezibwa kwa kitambaa, na yeyote aliyeonekana karibu nao alipata kofi. Sasa kitambaa hakikuwepo. Aliweka jicho.

Baba yake alikuwa amesimama mbele ya jiko, amejifunga leso ya zambarau kiunoni.

Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani chini ya pumzi. Alinyoosha kiganja juu ya kikaango kupima moto, akavuta kuni moja nyuma, akamwaga managu yaliyochemshwa na kukamuliwa juu ya vitunguu na karoti. Alichukua yai, akaligonga ukingoni mwa bakuli, akalipasua kwa mkono mmoja. La pili vivyo hivyo. Hakutazama. Mkono wake mwingine ulikuwa tayari unaengua utando juu ya maziwa ya jana, kijiko kimoja, akaupiga pamoja na mayai. Akamimina, akafunika, akaweka kaa la moto juu ya kifuniko, akasimama ameinamisha kichwa anasikiliza. Anasikiliza! Kisha akafunua, akayageuza yote juu ya sahani kwa mkupuo mmoja, akayarudisha kikaangoni upande wa pili. Hakuna hata chembe iliyoanguka.

Chemutai alikuwa ameona mambo maishani. Hili lilimshinda. Kama angemkuta ng'ombe ameketi anasoma Biblia, asingeduwaa zaidi ya hapo. Alisikia sauti ikimtoka, si neno, ni sauti tu, na mzee akageuka.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Baba. Fungua."

Kulisikika purukushani. Mlango ulipofunguliwa mzee alikuwa amesimama wima, kofia kichwani, mikono nyuma. Leso alikuwa ameisahau kiunoni.

"Chemutai. Umekuja leo? Tulisema kesho. Mimi nilikuwa natafuta chumvi ya ng'ombe."

"Baba."

"Eh."

"Uko na leso."

Mzee alijitazama. Mabega yake yakashuka, na kwa mara ya kwanza Chemutai aliona baba yake ni mtu mzee.

"Ni wewe umekula yale mengine?" akauliza kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni paka wa Wachuka."

"Ni mimi. Baba, nani amekufunza kupika mayai ya Mama?"

Mzee aliketi kwenye gogo karibu na moto. Kisha akafanya jambo la ajabu: aliinuka, akachukua kigoda kidogo cha Linah, akakiweka palepale mlangoni, akaonyesha kwa mkono upande wa nje.

"Mama yako alikuwa anakaa hapo," akasema. "Hivyo. Mgongo huku, anachambua maharagwe, anaangalia mtu asikuje. Mimi napika."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe."

Akaeleza, na Chemutai akasimama amejishikilia kwenye mwimo wa mlango. Linah alilelewa na kogo wake, yaani nyanya yake mzaa baba, na katika nyumba ile msichana hakugusa yai. Akila hatazaa, waliambiwa, na akipika atatapika, na kwa kuwa aliambiwa hivyo tangu hajaota meno, alitapika kweli. Kisha Chemutai akazaliwa, akawa mtoto dhaifu, miguu kama vijiti, nywele nyekundu. Nesi wa kliniki akasema: yai na mboga, kila siku, la sivyo mtamzika huyu. Linah akarudi nyumbani akapasua yai moja amefumba macho. Akaanguka pale pale. Kesho yake akajaribu tena. Akatapika mpaka nyongo.

"Alikuwa analia, anasema nitaua mtoto wangu kwa sababu ya pua yangu," mzee akasema. "Na mama yangu yuko hapo mbele, macho kwa mlango wetu. Angeniona nikipika, kufika jioni ningekuwa wimbo hadi Kuresoi. Basi nikafunga mlango. Nikapika yangu ya kwanza, ikaungua. Ukalia. Ya pili ukakula. Mama yako akaitoa nje kwa sahani kama ni yeye. Mama yangu, kogo wako, akaonja, akasema, kumbe huyu msichana anajua kupika! Siku hiyo ndio mama yangu alianza kumheshimu. Sasa ningesema nini?"

"Na hiyo ya managu? Na utando?"

"Nilikuwa naongeza kidogo kidogo, niangalie kama utakula."

"Kwa hivyo Mama hakuwahi..."

"Mama yako hakuonja yai maisha yake yote."

Chemutai akakumbuka mazishi. Alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima, jeneza liko hapa, maua yako pale, akasoma wasifu wa mama yake. Na katika wasifu huo alisema, kwa sauti iliyokatikakatika, kwamba mama yao aliwapikia mayai matamu kuliko ya mtu yeyote, na yeye mwenyewe hakula hata kipande, alijinyima ili watoto washibe. Kanisa lililia. Pasta alifuta miwani. Wanawake wa ushirika walilisimulia hilo kwa wiki nzima. Na baba yake alikuwa ameketi kiti cha mbele, amejifunika uso kwa kofia, mabega yakitetemeka.

"Baba! Siku ya mazishi... nilisema hayo yote na wewe ukanyamaza?"

"Nilikuwa nacheka," mzee akasema. "Na nilikuwa nalia. Mama yako angekusikia, ah! Angecheka mpaka ashike mbavu. Ati alijinyima!" Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Lakini ungetaka nisimame niseme nini? Mtu amelala hapo kwa sanduku anasifiwa, mimi nisimame nimnyang'anye?"

Chemutai alipangusa macho kwa kiganja. Hapo akaona jambo lililokuwa wazi mbele yake tangu mwanzo, na moyo ukaruka kwa furaha.

"Basi hakuna shida tena! Kesho Kiplimo akikuja tunamwambia. Unajua kupika kutushinda sisi wote. Utabaki kwako. Hakuna mtu atakutoa hapa."

"Hapana."

"Baba, anakuja na pikapu. Anakuja na kamba ya kufunga godoro."

"Mwambie nitaenda." Sauti ya mzee ilikuwa tulivu, na ndiyo iliyomtisha Chemutai. "Nitaacha ng'ombe, nitaacha hapa, nitaenda nikae kwa kochi ya Kiplimo nikiangalia ukuta. Lakini hutamwambia. Ukimwambia Kiplimo, ataambia bibi yake. Bibi yake ataambia ushirika. Kesho kutwa watasema Linah alikuwa mwongo, alikula sifa ya bwanake miaka yote. Huyo mama hakuwahi kuniaibisha hata siku moja. Mimi nimwaibishe akiwa hawezi kujitetea?"

Mzee alichukua sahani, akakata pembe tatu, akampa. Walikula pamoja.

Kiplimo alifika Jumamosi asubuhi, pikapu ikinguruma, kamba ya manila mkononi kweli. Alimkumbatia baba yake, akamtazama juu chini, akashangaa kwamba hajakonda.

"Nani amekuwa akikupikia, Baba?"

Kimya kile kile. Chemutai alikuwa amekesha na jambo hili, na sasa akajitosa.

"Mimi nimemfunza," akasema. "Jana. Mayai na mboga. Mtu anaweza kuishi na hiyo, ugali ni kusonga tu. Hakuna haja ya kumhamisha."

Kiplimo alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Baba? Apike? Huyu aliyekuwa anaitisha maji na mtungi uko kwa mgongo wake? Chemu, acha mchezo." Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Haya. Apike nione. Akipika kitu naweza kumeza, narudi na gari tupu."

Mzee alimtazama binti yake kwa muda. Akavua kofia, akaingia jikoni. Na aliuacha mlango wazi.

Chemutai alisimama kizingitini. Alijua kitakachotokea: Kiplimo ataonja, atamtambua mama yake ndani ya kipande cha kwanza, na siri itakuwa imekwisha. Alitaka kumwambia baba asiweke managu, asiweke utando. Kisha akaanza kuona.

Mzee alichochea kuni zote kwa pamoja mpaka moto ukalamba kikaango. Alikata vitunguu vipande vikubwa, vinene. Alipasua yai kwa mikono miwili, polepole, kama mtu asiyejua lina nini ndani, na ganda likaanguka humo. Akalitafuta kwa vidole akiguna. Akamwaga chumvi, akatazama, akamwaga tena. Hakufunika. Alikoroga na kukoroga mpaka yakavunjika vipande vipande, upande mmoja mbichi na mwingine umeungua. Ile mikono ya jana, iliyokuwa ikicheza bila kutazamwa, Chemutai aliitazama ikijifanya mijinga, na akajiuma mdomo asipige kelele.

Sahani ikatua mbele ya Kiplimo. Alichukua kijiko, akatafuna. Kitu kikalia mdomoni mwake, akakitema: ganda. Akakohoa, akanywa maji. Chemutai alisubiri kicheko lakini hakikuja. Macho ya kaka yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Baba," akasema, "umeingia jikoni kweli. Kwa sababu hutaki kumwacha Mama."

"Eh," mzee akasema.

"Basi baki. Hii chumvi ni ya kuua ng'ombe, lakini inamezeka. Utajifunza." Akajitia kijiko kingine, kwa heshima. "Lakini tusidanganyane. Hii na ya Mama ni mbingu na ardhi."

"Mbingu na ardhi," mzee akakubali.

"Hakuna mtu atawahi kupika mayai kama Mama."

"Hakuna, mwanangu." Na mzee akachukua kijiko chake, akala yale mayai yaliyoungua bila kukunja uso, mpaka sahani ikaisha.

Chemutai alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba, akalia kwa namna ambayo hakulia hata siku ya mazishi.

Mchana pikapu iliondoka tupu, kamba imetupwa nyuma. Walisimama langoni wakapunga mikono mpaka ikapotea kwenye kona ya shamba la viazi. Upande wa pili wa ua Wachuka alikuwa akiwachungulia, na Chemutai akamwamkia kwa mikono miwili, kwa unyenyekevu, akijua kwamba kwa huyu bado ana deni la radhi.

Mzee alishusha pumzi, akaelekea jikoni. Mlangoni akatoa leso ya zambarau kwenye msumari na kujifunga kiunoni, mbele ya binti yake, bila haraka.

"Chumvi imeniunguza ulimi," akasema. "Kaa hapo, ufunge mlango. Tupike mayai ya mama yako."

Chemutai alifunga mlango mpaka ukabaki uwazi wa kigoda tu. Akaketi mgongo huku, uso nje, akatandaza maharagwe kwenye ungo, na kuanza kuangalia mtu asije.